Minnesota 67 kwa 67: bunge la jimbo lililokwama kwa sababu ya kiti kimoja

Kaskazini_Baridi (mleta uzi)

Salaam wakuu. Kwenye uzi mmoja humu kuna mdau aliandika kwamba wabunge kususia vikao, kesi za viti na spika wa kugombaniwa ni mambo ya kwetu tu, eti Marekani kila kitu kimenyooka. Nilicheka sana. Mimi makazi yangu ni Minnesota, na bunge la jimbo hili, awamu ya 94 iliyoanza Januari 2025, limepita kwenye mambo ambayo yangetokea Dodoma au Nairobi tungekesha nayo mwaka mzima. Nikaona mistari miwili haitoshi, nifungue uzi wake.

Kwa wasiofahamu: kila jimbo Marekani lina bunge lake, mbali kabisa na lile la Washington. La Minnesota linakaa St. Paul, kwenye jengo lililofunguliwa 1905, lenye farasi wanne wa dhahabu juu ya paa. Lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lina wabunge 134, Seneti ina maseneta 67. Awamu moja ni miaka miwili, na kazi kubwa ya mwaka wa kwanza ni bajeti ya miaka yote miwili. Wademokrati huku chama chao kinaitwa DFL, kwa sababu mwaka 1944 waliungana na chama cha wakulima na wafanyakazi, na jina likabaki hivyo mpaka leo.

Awamu iliyotangulia DFL walikuwa na kila kitu: Baraza 70 kwa 64, Seneti 34 kwa 33, na Gavana Tim Walz, yule aliyekuja kuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris. Walipitisha mambo kama hawana akili nzuri, likiwemo la chakula cha bure shuleni kwa kila mwanafunzi. Ukafika Novemba 2024, matokeo ya Baraza yakatoka: Republican 67, DFL 67. Sare.

Viongozi wa pande mbili wakaanza kukaa vikao vya kugawana madaraka kiungwana. Kamati ziwe na wenyeviti wawili wawili, hata uspika ujadiliwe. Mngeishia hapo mngesema kweli yamenyooka. Subirini.

Mjomba_wa_Tanga

Naweka kambi hapa. Mkuu usituachie njiani kama yule wa uzi wa korosho.

Kaskazini_Baridi

Hahaha siachi.

Kulikuwa na viti viwili vyenye mgogoro, na visa vyake ni tofauti kabisa, msivichanganye.

Cha kwanza ni 40B, huko Roseville na Shoreview, ngome ya DFL. Alishinda Curtis Johnson, tena kwa tofauti kubwa. Lakini katiba ya jimbo inataka mgombea awe ameishi kwenye eneo lake la uchaguzi kwa miezi 6 kabla ya kura. Johnson alikuwa amepanga nyumba ndogo ndani ya eneo, ila familia yake ilikuwa na nyumba nje ya mpaka. Upande wa mpinzani wake ukakaa unamvizia kuona kama kweli analala pale. Wakapeleka ushahidi mahakamani, na Desemba hakimu akasema huyu bwana hakuwa mkazi. Johnson hakukata rufaa, akaachia kiti. Kwa hiyo ghafla ni 67 kwa 66.

Cha pili ni 54A, Shakopee, na hiki ndicho ninachokipenda. Brad Tabke wa DFL alimshinda Aaron Paul wa Republican kwa kura 14. Kumi na nne tu! Halafu ikagundulika kuna kura 20 za mapema zilipokelewa, zikaandikishwa, lakini hazikuhesabiwa. Karatasi zenyewe hazikuonekana tena. Inaelekea zilitupwa zikiwa bado kwenye bahasha zake za siri. Piga hesabu: kura 20 zimepotea na tofauti ni 14. Zote zingekuwa za Paul, angeshinda.

Ikafunguliwa kesi. Sasa kura ni siri, lakini mpiga kura mwenyewe akitaka kusema alimchagua nani hakuna wa kumzuia. Watu sita kati ya wale 20 wakaja mahakamani, wakaapa, wakasema walimpigia Tabke. Hapo hesabu ikafungwa. Kura 14 zilizobaki hata zikienda zote kwa Paul, zinakula ile tofauti ya 14 tu, na Tabke bado ana zile sita. Hakimu akaamua Tabke ndiye mshindi. Hukumu ilitoka Januari 14 asubuhi, siku ileile bunge linafunguliwa.

binti_wa_Pangani

Watu sita kuacha kazi zao kwenda kusema hadharani walimpigia nani. Huku mtu anaficha hata rangi ya fulana.

Ila sijaelewa kitu. Mahakama imeshasema Tabke kashinda, basi si apewe kiti yaishe? Mgogoro unabaki wapi?

Kaskazini_Baridi

Dada hapo ndipo penyewe. Katiba ya Minnesota inasema kila nyumba ya bunge ndiyo mwamuzi wa uchaguzi na sifa za wajumbe wake. Mahakama ya chini inatoa maoni tu, neno la mwisho ni la Baraza. Na Republican, wakiwa 67 kwa 66, walikuwa wamekataa kuahidi kwamba hawatamtoa Tabke.

Wazee wa DFL walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu jambo hili limewahi kutokea, na waliolifanya ni wao wenyewe. Mwaka 1979 Baraza lilikuwa sare hivihivi, 67 kwa 67, mara pekee kabla ya hii. Republican wakapewa spika, Rod Searle, na DFL wakachukua kamati kubwa kubwa. Mwaka ule kulikuwa na mbunge wa Republican, Robert Pavlak, ambaye kampeni yake ilikuwa imesambaza habari isiyo ya kweli kuhusu mpinzani wake. Kesi ikafika bungeni. Pavlak hakupiga kura kwenye jambo linalomhusu, na Baraza likamvua kiti kwa kura 67 kwa 66. Uchaguzi mdogo ukafanyika, DFL wakakichukua kiti, wakawa 68, na 1980 spika akawa wa kwao.

Kwa hiyo 2025 kila upande ulijua mchezo unachezwaje. Nani asiyejua dawa aliyoikoroga mwenyewe?

Bwana_Akidi

Nimeipenda hiyo. Endelea na siku ya ufunguzi basi, maana nakumbuka niliona picha ya ukumbi nusu mtupu nikadhani ni sikukuu.

Kaskazini_Baridi

Januari 14. Wabunge wote 66 wa DFL hawakutokea. Walikuwa wameshaapishwa kimyakimya siku mbili kabla, kwenye jengo la makumbusho ya historia jirani na bunge, ili posho na vyeo vyao visije vikaletewa maneno. Siku yenyewe wakatia mpira kwapani.

Kisheria anayeongoza kikao cha kwanza kabla ya spika kupatikana ni Katibu wa Jimbo, Steve Simon. Majina yakaitwa, waliopo 67. Simon akasema akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, ni 68, kwa sababu Baraza lina viti 134 na zaidi ya nusu yake ni 68. Hakuna akidi, naahirisha kikao. Akaondoka. Republican wakabaki ukumbini, wakamweka mkongwe wao mezani, wakasema wabunge waliopo kiukweli ni 133, basi 67 inatosha. Wakamchagua Lisa Demuth kuwa spika. Wakagawana kamati na kuanza kusoma miswada.

Zaidi ya wiki moja huko St. Paul kukawa na spika ambaye nusu ya jimbo inamtambua na nusu haimtambui. Januari 24 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatoa uamuzi: akidi ni 68. Yote yaliyofanyika bila akidi ni bure, na uspika wa Demuth ukafutika.

Wala DFL hawakutoka mahakamani wameshinda kila kitu. Gavana Walz alikuwa ameitisha haraka uchaguzi mdogo wa kile kiti cha 40B ufanyike Januari 28. Mahakama hiyohiyo ikamwambia umewahi, subiri utaratibu. Ukasogezwa mpaka Machi 11. Yaani majuma mengi DFL walikuwa na 66 tu, na silaha yao ilikuwa moja: kutokuwepo.

Mjomba_wa_Tanga

Mimi hapa sikubaliani na wewe mkuu, nasoma kati ya mistari unawatetea. Mbunge analipwa kwa kodi za watu. Ukishindwa hesabu ya kura, kaa ndani, paza sauti, shindwa kiume. Kukimbia ni utoro. Huku tuliwalaumu wapinzani kwa kutoka ukumbini, sasa wazungu wakifanya inakuwa mkakati?

Kaskazini_Baridi

Nawatetea, sifichi. Ila tofautisha mzee wangu. Upinzani wetu ukitoka ukumbini, kikao kinaendelea kama kawaida kwa sababu chama tawala kina akidi peke yake. Ile ni ishara tu. Huku kutokuwepo kwao ndiko kulikosimamisha kila kitu, kwa kuwa hakuna upande uliochaguliwa kuongoza peke yake. Wapiga kura walitoa 67 kwa 67. Ikiwa kwa sababu ya mtu mmoja kuhamia upande usio sahihi wa barabara upande wa pili unataka uchukue uspika, kamati zote, na pengine kiti cha pili, mimi ningekaa nyumbani.

Na dola 51,750 kwa mwaka ndio mshahara wa mbunge wa huku. Wengi wana kazi nyingine. Usiwafananishe na wale wa V8.

binti_wa_Pangani

Mjomba kanyamaza 😂

Mjomba_wa_Tanga

Sijanyamaza, nilikuwa msikitini. Msimamo uleule: utoro.

Omogusii_254

Wadau niko Minnesota pia, upande wa Brooklyn Park. Wakenya tumejaa huku, hasa Wakisii, ukienda duka la unga Jumamosi utadhani uko Keroka.

Kitu hamjataja ni kwamba kati ya hao 66 waliokosekana kulikuwa na mtu wetu. Huldah Momanyi Hiltsley, amezaliwa Nyamira, akaja huku mtoto. Novemba 2024 akashinda 38A, Mkenya wa kwanza kwa kuzaliwa kuingia bunge la Minnesota. Sisi tulikuwa tumejipanga sherehe ya kumuona akiingia ukumbini, kumbe siku ya kwanza kiti chake kiko wazi kwa mpango wa chama. Wazee wengine hawakuelewa kabisa. Mmoja aliniuliza, sasa tumemtuma aende asiende?

Kaskazini_Baridi

Asante kaka, nilikuwa nakuja kwake. Hilo swali la mzee lingeulizwa na wapiga kura wengi tu.

Tumalizie Januari. Februari 5 usiku walifikia mapatano, kesho yake DFL wakarudi. Demuth anakuwa spika kwa miaka yote miwili. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika kiti hicho Minnesota, na mwanamke wa kwanza wa Republican. Kamati zinaongozwa na Republican mpaka kiti cha 40B kijazwe, baada ya hapo wenyeviti wawili wawili. Tabke haguswi. Na Republican wanabaki na wingi kwenye kamati moja mpya ya kuchunguza ubadhirifu wa fedha za umma, jambo ambalo lina uzito huku kwa sababu ya ile kesi ya mamilioni ya chakula cha watoto wakati wa korona.

Machi 11 David Gottfried wa DFL akashinda 40B. Ikarudi 67 kwa 67.

Seneti nayo nitaipitia haraka. Kari Dziedzic wa DFL alifariki kwa saratani mwishoni mwa Desemba 2024, ikawa 33 kwa 33 na marais wawili wa Seneti kwa pamoja, mpaka Doron Clark alipochaguliwa. Machi seneta wa Republican, Justin Eichorn, alikamatwa kwenye mtego wa polisi wa kunasa watu wanaotafuta watoto kwa ngono, akajiuzulu siku chache baadaye. Na Nicole Mitchell wa DFL alikuwa na kesi ya kuvunja nyumba ya mama yake wa kambo usiku. Julai akapatikana na hatia, akajiuzulu. Niwaache na hilo.

Bwana_Akidi

Subiri. Seneta kavunja nyumba usiku? Halafu aliendelea kupiga kura bungeni wakati kesi inaendelea?

Kaskazini_Baridi

Aliendelea, ndiyo. Mwaka mzima na zaidi tangu akamatwe Aprili 2024. DFL walikuwa na wingi wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye huyo. Hapo siwatetei hata kidogo, mjomba andika hiyo.

Mjomba_wa_Tanga

Nimeiandika kwa wino mwekundu.

Kaskazini_Baridi

Sasa bajeti, ambayo ndiyo ilinifanya nianze kufuatilia hili bunge kwa karibu.

Katiba inawafunga: kikao cha kawaida lazima kiishe Mei. Mei 19 muda ukaisha, bajeti haijakamilika. Ikifika Juni 30 bila bajeti, ofisi za jimbo zinafungwa, kama ilivyotokea Julai 2011 zilipofungwa siku 20. Kwa hiyo wakubwa wanne wa bunge na gavana wakajifungia wakakubaliana, gavana akaitisha kikao maalumu Juni 9. Siku moja, bajeti ya takribani dola bilioni 66.

Republican walikuwa na sharti moja ambalo hawakulegeza. Tangu Januari 1, 2025 wahamiaji wasio na makaratasi walikuwa wameruhusiwa kujiunga na bima ya afya ya jimbo inayoitwa MinnesotaCare. Republican wakasema watu wazima watoke, watoto wabaki. Bila hilo hakuna bajeti. DFL waliipigania sheria ile 2023, wengine kwa machozi. Sasa katika Baraza la 67 kwa 67, muswada unahitaji kura 68. Republican wote wakipiga ndiyo, inapungua moja.

Nani wa DFL aitoe hiyo kura?

Aliyeitoa ni kiongozi wao, Melissa Hortman. Alikuwa bungeni tangu 2005, spika kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2025, na ndiye aliyesimamia kupitishwa kwa ile sheria yenyewe. Ndiye pia aliyeongoza mgomo wa Januari. Angeweza kumsukumia mbunge mwingine, mgeni asiye na jina, au wa eneo lenye Republican wengi ambaye asingeumia sana. Hakufanya hivyo. Matokeo yakawa 68 kwa 65. Upande wa DFL kura ya ndiyo ni moja tu, yake. Baadaye alizungumza na waandishi akilia.

Nina watu ninaowafahamu waliopoteza bima kwa kura ile, sitasema zaidi. Niliikasirikia siku ile. Lakini nilielewa alichofanya: mapatano aliyaweka sahihi yeye, na gharama yake akaibeba yeye.

Omogusii_254

Huku kwetu ilikuwa mjadala mkali. Kuna wamama wa kazi za kulea wazee, wanaosafisha na kulisha watu usiku kucha, hiyo bima ilikuwa imewapa miezi ya kwanza ya kuona daktari bila hofu ya bili. Kundi la WhatsApp lilichafuka. Wengine walimtukana Hortman. Halafu siku tano zikapita.

Kaskazini_Baridi

Juni 14, Jumamosi, alfajiri. Mtu aliyevaa kama polisi, gari lake lina taa kama za polisi, alifika kwanza Champlin nyumbani kwa Seneta John Hoffman, akampiga risasi yeye na mkewe Yvette. Walipona. Baadaye akafika Brooklyn Park kwa Hortman. Melissa na mumewe Mark waliuawa. Mbwa wao Gilbert alijeruhiwa vibaya, naye akafa. Mtuhumiwa, Vance Boelter, alikamatwa usiku wa Jumapili baada ya msako mkubwa, na alikana mashtaka.

Omogusii_254

Asubuhi ile simu zetu zililia tangazo la dharura: usitoke nje, usimfungulie polisi aliye peke yake, piga 911 kwanza uhakikishe. Fikiria kumuelewesha bibi yako aliyekuja kutembea kwamba leo hata polisi asifunguliwe mlango. Alikaa chumbani na rozari mpaka jioni.

mwana_Bukavu

Wapendwa, sisi Wakongo ilitushtua mara ya pili. Habari zikatoka kwamba huyo mtuhumiwa alikuwa amehubiri kwetu, Matadi, video zikaonekana akiwa madhabahuni. Wachungaji wa huku walipigiwa simu hadi wakazima.

binti_wa_Pangani

Mungu awapumzishe. Nilisikia habari hii wakati ule lakini sikujua kwamba ndiye yule wa kura ya siku tano kabla.

Kaskazini_Baridi

Ndiye. Juni 27 jeneza lake, la mumewe na chombo cha majivu ya mbwa wao Gilbert viliwekwa chini ya kuba la jengo la bunge. Mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota. Nilipanga foleni. Watu wa kila chama, na wengi wenye sura kama zetu. Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa na sare ya kazi ya kulea wazee, ametoka zamu moja kwa moja, na viatu vyake vya mpira.

Septemba 16 ukafanyika uchaguzi mdogo wa kiti chake, 34B. Akashinda Xp Lee wa DFL, na Baraza likarudi 67 kwa 67.

Bwana_Akidi

Mkuu asante, huu uzi uwekwe juu. Swali la kiufundi: kwa nini wasiongeze kiti kimoja tu wawe 135? Sare zote hizi zinakwisha.

Kaskazini_Baridi

Swali zuri, na kikwazo kiko kwenye ramani. Kila eneo la seneta mmoja limekatwa mara mbili, A na B, kila kipande mbunge wake. Ndiyo maana unasikia 40B, 54A. Maseneta 67 mara mbili ni 134, na hata ukiongeza seneta mmoja unapata 136. Itabaki shufwa tu. Idadi yenyewe imewekwa na sheria ya kawaida, katiba haitaji namba, ila inakataza eneo la mbunge kugawanywa kati ya maseneta wawili. Ukitaka witiri lazima maeneo fulani ya useneta yawe na wabunge watatu, na hapo uanze ugomvi wa ni maeneo gani. Mipaka mipya kwa kawaida inachorwa baada ya sensa, na ijayo ni 2030.

Mjomba_wa_Tanga

Kwa hiyo utoro unaweza kurudi.

Kaskazini_Baridi

Viti vyote 201 vinapigiwa kura Novemba 2026, mzee. Njoo tuhesabu pamoja.